Oili ya Lori la Dizeli: Soma Herufi, Hesabu Masaa

Kila nikikaa baraza moja na wenye malori, iwe ni Changamwe, Mtwapa au Ukunda, mazungumzo hayakawii kufika kwenye oili. Na kila mmoja ana madhehebu yake. Huyu atakwambia oili nzuri ni ile nzito, yenye kushika. Yule atasema oili ikishakuwa nyeusi imekufa, imwagwe. Wa tatu haoni kitu isipokuwa rangi ya galoni aliyokuwa akinunua marehemu babake. Mimi pia nilikuwa na madhehebu yangu, na yalinigharimu injini nzima.

Nianze na kisa hicho, maanake ndicho kilichonisukuma kusoma haya ninayoyaandika leo.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua lori dogo la mitumba, la kubeba mawe na mchanga kutoka Kilifi hadi kwenye viwanja vya ujenzi. Fedha nyingi zilikuwa za dadangu mkubwa, aliyefanya kazi za nyumbani Jeddah miaka saba. Ami yangu akatia zilizopungua. Mimi sikuwa na fedha, nilikuwa na diploma ya ufundi wa mitambo, basi usimamizi nikapewa mimi. "Wewe ndiye uliyesoma," ami aliniambia. "Gari hii ni amana mikononi mwako."

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vyema, alhamdulillahi. Mwaka wa pili nikapata duka lililonipunguzia shilingi 900 kwa kila galoni ya oili. Galoni ilikuwa na nembo ninayoijua, kizibo kimefungwa, na oili yenyewe nzito, ya rangi ya asali. Nikafurahi. Kwa kuwa niliiona nzito, nikamwambia dereva tusiwe na haraka ya kuibadilisha, twende hadi kilomita 14,000. Siku moja alasiri, gari imebeba simiti kuelekea Mariakani, taa nyekundu yenye picha kama birika ikaanza kupepesa kwenye mlima kabla ya Mazeras. Dereva akadhani ni waya, kwa sababu waya wa taa hiyo ulikuwa umewahi kutusumbua. Alipofika Mazeras injini ilikuwa inagonga kama mtu anayepigilia misumari.

Fundi alipofungua samp chini ya injini, ndani hamkuwa na oili tena, mlikuwa na tope jeusi mithili ya ugoro uliorowa. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limeziba karibu lote. Beringi zimelika hadi shaba yaonekana, na krenki imechimbika mifereji. Injini nyingine ya mitumba, kazi ya fundi na wiki sita za gari kulala, hesabu ilipita laki tatu. Dada akapiga simu. Hakugomba. Aliniuliza swali moja: "Oili ilikuwa mbaya, au ni wewe uliyeisahau?"

Jibu la kweli lilikuwa yote mawili.

Nambari zina maana gani

Kwenye galoni ya oili ya dizeli utaona kitu kama 15W-40. Hii ni lugha ya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na inaeleza jambo moja tu, wepesi au uzito wa oili kutiririka. Nambari ya kwanza, iliyo na herufi W, inahusu baridi. 15W maana yake oili imepimwa na kuonekana kwamba haitazuia injini kuzungushwa hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Nambari ya pili, 40, hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, yaani karibu na hali yake injini ikifanya kazi.

Kwetu pwani baridi ya namna hiyo haipo, na hata lori lako likilala Limuru au Timboroa halitaiona. Kwa hivyo 15W inatosha Kenya nzima, na ndiyo maana 15W-40 imekuwa oili ya kawaida ya malori. Hakuna haja ya kulipa zaidi upate 5W-40 kwa sababu ya hali ya hewa peke yake. Lakini kama kitabu cha gari lako kinaitaka 5W-30 au 10W-30, usijifanye unajua kuliko aliyeiunda injini.

Sasa tuje kwenye ile imani ya oili nzito. Oili hutembea kwenye nafasi nyembamba sana baina ya beringi na krenki. Ikiwa nyepesi mno, chuma hugusana na chuma. Ikiwa nzito mno, huchelewa kufika juu asubuhi unapowasha, na wakati huo wa kuwasha ndio injini hulika zaidi. Tabo ndiyo hupata taabu zaidi, kwa sababu shafti yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo imebebwa na utando wa oili basi. Mtu anayetia 20W-50 au SAE 40 tupu kwenye injini inayovuta moshi wa buluu hajatibu chochote. Amenyamazisha ugonjwa. Ringi zimelika, na zitaendelea kulika chini ya hiyo oili nzito.

Nisiwe mkali kupita kiasi. SAE 40 tupu haitaiua injini ya zamani kwa sababu ya uzito wake katika joto letu la Mombasa, na vitabu vya injini nyingi za kale viliiruhusu. Tatizo ni kwamba galoni nyingi za SAE 40 tupu zinazouzwa kwa bei ya chini zimebeba herufi za zamani.

Herufi ndizo zenye siri

Tafuta kwenye galoni neno API. Hiyo ni Taasisi ya Mafuta ya Marekani, na baada ya jina lake utaona herufi mbili na pengine nambari: CF-4, CH-4, CI-4, CJ-4, CK-4. Herufi ya kwanza ikiwa C, oili imekusudiwa dizeli. Ikiwa S, kama SL au SN, ni ya petroli. Galoni nyingi zina zote mbili, mathalan CI-4/SL, na ile iliyotangulia aghalabu ndiyo kazi yake kuu. Herufi ya pili inavyozidi kwenda mbele katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi.

Hapa ndipo mimi nilipoanguka. Nilikuwa nikiangalia nambari, herufi siziangalii. Oili haipaki mafuta tu. Inapoza pistoni, inaosha, inabeba masizi yanayotoka kwenye moto wa dizeli, na inaua asidi. Kazi hizo zote zinafanywa na dawa zilizochanganywa ndani yake kiwandani, na herufi ndizo zinazokwambia dawa hizo ni za kiwango gani. Oili mbili zinaweza kuwa 15W-40 zote, moja ikabeba masizi hadi siku ya kumwagwa, na nyingine ikayaacha yakaganda samp kama yalivyoganda kwenye gari ya dada.

CF-4 ilitoka mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, na CI-4 mwaka 2002, hii ikiwa imetengenezwa kwa injini zinazorudisha sehemu ya moshi ndani kupunguza uchafuzi, kwani moshi huo huleta masizi na asidi zaidi. API yenyewe imeshatangaza kwamba CD, CE, CF na CF-4 zimepitwa na wakati. Hata hivyo utazikuta madukani, na muuzaji atakwambia, "Hii ndiyo ya malori, bwana, wote wachukua hii." Kwa Canter au Isuzu ya zamani yenye pampu ya kawaida na isiyokuwa na filta ya moshi, mimi ninaridhika na CI-4, 15W-40. CH-4 yafaa ikiwa injini ni ya kale na unabadilisha mapema. Chini ya hapo nisingeshuka, hata kwa punguzo la shilingi 900.

Salfa nayo ina mkono wake hapa. Salfa iliyomo kwenye dizeli ikiungua hugeuka kuwa asidi, na oili ndiyo inayopigana nayo. Uwezo huo huandikwa kwa herufi TBN kwenye karatasi ya maelezo ya oili, na kwa CI-4 nyingi huwa karibu 10. Inapotumika, nambari hiyo hushuka. Kabla ya 2015 dizeli yetu iliruhusiwa kuwa na salfa sehemu 500 kwa kila milioni. Kuanzia Januari mwaka huo Afrika Mashariki ikashuka hadi 50. Ni nafuu kubwa kwa injini zetu, na ni sababu moja ya kutofuata kibubusa desturi za babu zetu za kubadilisha oili kila wiki chache. Lakini pia 50 bado ni zaidi ya 15, na hilo lina maana kwa wenye malori mapya.

Malori yenye filta ya moshi

Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la mitumba lililozidi miaka minane, kwa hivyo malori madogo yanayoshuka bandarini kutoka Japani siku hizi si yale ya zamani. Mengi yana filta ya moshi kwenye ekzosi, inayoitwa DPF. Filta hiyo hushika masizi, na kila baada ya muda injini huyachoma yenyewe kwa joto kali.

Masizi huungua. Majivu hayaungui. Na majivu hutoka kwenye dawa za oili ile inayoungua kidogo kidogo ndani ya injini. Ukitia CI-4 yenye majivu mengi kwenye injini ya namna hii, gari itatembea vizuri tu, hutaona kitu, mpaka siku filta imejaa na injini inakosa nguvu. Hapo mafundi wengi hukata filta na kuitupa, na mwenye gari hulipa bila kujua kwamba ugonjwa ulianzia dukani.

Malori haya yanataka oili ya majivu kidogo. Kwa lugha ya Wajapani, angalia JASO DH-2, wakati DH-1 ni ya injini zisizokuwa na filta. Malori madogo na pikapu huenda yakataka DL-1, na hiyo si kitu kimoja na DH-2. Kwa lugha ya API ni CJ-4, iliyotoka 2006, au CK-4, iliyotoka mwishoni mwa 2016. CK-4 inaweza kutumika pia kwenye injini za zamani zilizotaka CI-4 au CH-4. Kuna ndugu yake anayeitwa FA-4. Huyo usimguse ila kitabu kikimtaja, kwani ni nyepesi zaidi na haikukusudiwa injini za zamani.

API inatahadharisha kwamba dizeli yenye salfa zaidi ya sehemu 15 kwa milioni yaweza kufupisha maisha ya CJ-4 na CK-4 ndani ya injini. Basi mtu asije akakwambia kwamba kule Ulaya lori hutembea makumi ya maelfu ya kilomita kwa oili moja, nawe ukamwiga.

Wenye matrela ya Kizungu wana lugha yao tena. Mercedes huandika 228.3, 228.5 na kadhalika, na Volvo huandika VDS-3 au VDS-4. Nambari hiyo ikiwa kwenye kitabu, itafute hiyo hiyo nyuma ya galoni, na usikubali neno la mdomo kwamba "ni sawa na hiyo".

Hesabu masaa, si kilomita peke yake

Wengi wetu hubadilisha kila kilomita 5,000. Wengine hungoja 10,000 kwa sababu kitabu kimesema. Kitabu kikisomwa vizuri kina kurasa mbili: ya kazi ya kawaida na ya kazi ngumu. Kazi ngumu kwa watengenezaji ni mwendo mfupi mfupi, vumbi, mzigo mzito, milima, na injini kuunguruma gari imesimama. Niambie ni lori gani la mawe hapa pwani lisilokuwa kwenye ukurasa wa pili. Kwa kawaida ukurasa huo hukata muda kwa nusu.

Gari ikisimama injini inawaka, mita haisogei lakini oili inachafuka. Kuna watengenezaji wanaohesabu saa moja ya kuunguruma namna hiyo kuwa sawa na takriban kilomita 40 za mwendo. Fanya hesabu ya lori letu la zamani. Foleni ya feri Likoni kabla ya barabara ya Dongo Kundu kufunguliwa, foleni ya mzani, foleni ya machimboni, na dereva hataki kuzima kwa sababu betri imechoka. Tuseme masaa matatu kwa siku. Hizo ni kilomita 120 ambazo mita haikuziandika. Kwa siku 25 za kazi ni kilomita 3,000. Mimi nilipokuwa nikijidanganya na 14,000, oili ile ilikuwa imefanya kazi kubwa zaidi ya hapo.

Dawa ya hili si ghali. Nunua betri. Mwambie dereva azime foleni ikizidi dakika chache, ila kama ametoka kupanda mlima na gari ina tabo, aache iungurume taratibu dakika mbili tatu ndipo azime, tabo ipoe na oili isiungue ndani yake. Na weka daftari kwenye gari. Tarehe, mita, oili gani, lita ngapi, nani amebadilisha, na makisio ya masaa ya kusimama. Kwa kazi ya mawe na mchanga, kwa oili ya CI-4 halisi, mimi nimetulia kwenye kilomita 5,000 za mita. Lori la safari ndefu za Mombasa na Nairobi, lisilosimama sana, laweza kwenda mbali zaidi kwa mujibu wa kitabu chake. Lori linalofanya kazi kidogo mno pia lisisahauliwe, angalau mara moja kwa mwaka oili itoke, maana unyevu wetu huu wa bahari huingia.

Dipstiki kila asubuhi

Kazi ya utingo ya kwanza asubuhi, kabla ya chai, iwe ni kuchomoa dipstiki. Gari iwe mahali tambarare, injini haijawashwa. Chomoa, futa kwa kitambaa safi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena, soma. Kiwango kiwe baina ya alama mbili, karibu na ya juu. Kuzidisha si ukarimu. Oili ikipita alama ya juu, krenki huipiga ikatoa povu, na povu halipaki kitu.

Weusi usikushtue. Oili ya dizeli huwa nyeusi hata siku ya kwanza, kwa kuwa inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Mimi ningeogopa zaidi oili ya dizeli inayobaki safi wiki mbili, kwa sababu ningejiuliza masizi yamekwenda wapi.

Yafaa ushtuke kwa haya. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, pengine gasketi ya silinda hedi imekufa au kipoza oili kimetoboka. Usiiwashe. Kuna kipimo cha jikoni: pasha kipande cha bati kiwe moto, dondosha tone la oili. Ikitatarika kama mafuta ya bajia yaliyodondokewa na maji, maji yamo. (Usitumie karai la mkeo.) Kiwango kikipanda badala ya kushuka, na oili ikinuka dizeli, basi nozo zinavuja au pampu inamwaga ndani, na kwenye malori ya filta ya moshi huweza kuwa zile safari fupi zinazokatiza kazi ya kuchoma masizi. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi kama maji, na beringi ndizo zitakazolipa. Kiwango kikishuka haraka, tafuta inavujia wapi kabla ya kusema injini inakula.

Na taa nyekundu ya birika ikiwaka mwendoni, dereva asimame pale pale na azime. Asifike gereji, asifike Mazeras. Maneno "pengine ni waya" yafaa kusemwa injini ikiwa imezimwa.

Kwenye kubadilisha

Mwaga injini ikiwa na joto, si ya kuunguza, ili uchafu utoke pamoja na oili. Filta ibadilishwe kila mara, bila ubishi. Filta iliyoziba ina mlango wake mdogo unaofunguka na kupitisha oili bila kuichuja, kwa hivyo ukibakisha filta ya zamani unaosha injini kwa maji machafu. Paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, kaza kwa mkono kama ilivyoandikwa juu yake, si kwa spana na nguvu za mnazi. Weka washa mpya kwenye nati ya samp. Jaza, washa, ngoja taa izime, acha dakika chache, zima, pima upya.

Kuna mafundi wanaopenda kusafisha injini kwa mafuta ya taa au dizeli kabla ya kutia oili mpya. Siruhusu. Baki lake huipunguza nguvu oili mpya, na tope likibanduka kwa ghafla huenda likaziba lile lile chujio la pampu. Injini chafu isafishwe kwa kubadilisha oili nzuri mara mbili tatu kwa muda mfupi. Na zile chupa ndogo za dawa za kuongeza kwenye oili, weka fedha zako. Oili halisi ina dawa zake tayari, kwa vipimo vyake.

Njiani ukiishiwa, ukakosa oili ya kampuni yako, ongeza ya kampuni nyingine yenye herufi na nambari zile zile. Hazitagombana. Ila lisiwe ndilo zoea.

Filta ya hewa itazamwe pamoja na oili. Vumbi la machimboni likipita pale, hakuna oili duniani itakayoiokoa silinda.

Galoni ya uongo

Oili iliyoua injini yetu sikuwahi kuipima, nayo ilishamwagwa. Lakini fundi aliipiga picha galoni akanionyesha. Pete ya kizibo ilikuwa imegandishwa kwa gundi, na nambari ya toleo chini ya galoni haikufanana na iliyoko kwenye lebo. Wenye biashara hii hukusanya galoni tupu kutoka gereji, wakatia oili chafu iliyochujwa au mafuta yasiyokuwa na dawa, wakafunga upya.

Nunua kwa wakala anayetoa risiti yenye jina lake, na risiti iingie kwenye daftari. Tazama pete ya kizibo, karatasi ya ndani, nambari ya toleo, na alama ya KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari yenyewe kwenda 20023. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine matatu, jiulize anayekupunguzia anapata wapi faida. Na ukimaliza kutumia, toboa galoni kwa panga kabla ya kuitupa. Galoni nzima unayomwachia mtu gerejini ndiyo itakayomrudia jirani yako imejaa.

Mwenye malori kadhaa anayenunua pipa la lita 208, alilaze ubavu chini ya paa, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja kulia na kushoto. Likisimama nje, maji ya mvua hutuama juu, na pipa likipoa usiku huyavuta ndani kupitia vizibo vilivyokazwa vizuri kabisa.

Ile iliyomwagwa

Oili chafu kwetu ina wateja. Wako wanaopaka boriti zisiliwe na mchwa, na wako wanaopaka hata vyombo vya baharini mahali pa sifa. Wengine huimwaga tu nyuma ya gereji, na mvua ya masika huisomba hadi kwenye mikoko ya Tudor na Makupa. Wataalamu wa afya huonya kwamba oili iliyotumika, ikigusa ngozi kila siku kwa miaka, huweza kuleta saratani. Utingo avae glavu, aoshe mikono kwa sabuni wala si kwa petroli, na oili ikusanywe kwenye mtungi uliofungwa hadi imfikie mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Usimpe mtu wa galoni tupu.

Dada amesharudi nyumbani. Gari bado inatembea na ile injini ya pili. Kila mwezi huliomba daftari, akavaa miwani, akapitia mstari mmoja mmoja, na mahali nilipoandika "lita 1 imeongezwa" huniuliza ilikwenda wapi. Wiki ijayo, in shaa Allah, nitaandika kuhusu filta ya hewa na vumbi la machimboni, maana huko nako tumeshapotezea fedha.